Udongo wa Kondoa umekwenda wapi?

Ukisafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Babati, ukishaiacha Kondoa mjini na gari likaanza kuhangaika na miinuko ya Kolo na Bereko, tazama nje. Vilima vina makovu mekundu, mengine mapana kiasi cha kumeza kiwanja cha mpira. Wenzangu kazini hunitania kwamba kwetu ardhi imekwisha. Nawajibu kuwa haijaisha, imehama, na anuani yake mpya naijua kwa sababu kazi yangu ni barabara na makalavati. Kila mvua zikikata, tunatumwa kuzibua matundu ya zege yaliyojaa mchanga mpaka juu. Mchanga ule ni mashamba ya watu. Mengine ni ya ndugu zangu.

Niseme kwanza inavyotokea, maana wengi wanadhani mto ndio unaobomoa ardhi. Mto unabeba tu. Kazi ya kubomoa huanzia kwenye tone.

Kwetu mvua hukaa mbali tangu Mei hadi mwishoni mwa Novemba. Udongo unakauka, unakuwa mgumu, nyasi zimeliwa au zimechomwa. Halafu Desemba linashuka wingu moja la alasiri, mvua ya nusu saa yenye hasira. Matone yanapiga ardhi tupu, yanapasua mabonge, ule unga mwembamba unaziba vitundu vya udongo na maji hayana pa kuingia tena. Yanabaki juu, yanaanza kutembea.

Mvua kama hiyo ikiisha, nenda kwenye kijinjia cha ng'ombe uiname. Utaona vinguzo vidogo vya udongo vimesimama, vifupi kuliko kidole, na juu ya kila kimoja kuna kijiwe au kipande cha kigae. Kijiwe kimezuia tone, udongo wa chini yake umesalimika, wa pembeni wote umeondoka. Kimo cha kinguzo ndicho kimo cha udongo ulioondoka pale. Wakaguzi wangu wa ujenzi, vijana wenye vifaa vya kupimia vya bei mbaya, nimewapeleka wakaona, wakapiga picha na simu wakacheka. Mwembe wa shangazi yangu nao unaeleza habari hiyohiyo kwa lugha kubwa zaidi: mizizi yake ya juu iko hewani, na watoto wanakaa chini yake wakati wa jua. Huo mwembe haukupandwa hewani.

Maji yakishapata kijia, yanachimba. Kijia kinakuwa mfereji, mfereji unakuwa korongo. Hapa ndipo watu hubishana nami, kwa sababu maji yanashuka lakini korongo linapanda. Pale kichwani mwa korongo maji huanguka kama kwenye ngazi, yanachimba mguu wa ukuta, ukuta unabaki na kichwa bila miguu, siku moja unaporomoka. Mwaka unaofuata ngazi hiyo imesogea nyuma, kuelekea mlimani. Mtu anajenga nyumba yake juu akijisifu kwamba maji hayawezi kumfikia kule. Kweli hayamfikii. Korongo ndilo linalomfikia.

Sasa ni nani alaumiwe? Nimekua nikisikia jibu moja tu: ng'ombe. Ninyi Warangi, wenyeji wa Kondoa, mlifuga kupita kiasi, milima ikabaki uchi. Jibu hilo lina ukweli wake, ila ni fupi mno. Mkoloni Mwingereza, miaka ya 1920 na 1930, alihimiza vichaka vifyekwe ili kuwafukuza mbung'o waliokuwa wakileta malale. Kabla yake, misafara ya biashara ya karne ya 19 ilipita Irangi, yaani nchi yetu Warangi, kujaza vyakula, na chakula cha msafara hakilimwi kwenye kishamba cha uani. Na kabla ya hapo kuna wahunzi waliokuwa wakiyeyusha chuma upande wa Haubi, kazi inayokula mkaa, na mkaa unakula miti. Kila kizazi kilikata kidogo.

Lakini hata wote hao hawatoshi. Ingia ndani ya korongo lililokomaa, simama uangalie ukuta. Juu kuna udongo mwekundu, laini. Chini yake utakuta mstari wa vijiwe vyeupe, kisha udongo wa rangi nyingine, kisha mchanga tena. Mstari wa vijiwe haukujipanga wenyewe. Kuna wakati huko nyuma mvua zilisafisha udongo mwembamba na kuacha mawe, halafu udongo mwingine kutoka juu ukaja ukayafunika. Maana yake milima hii imeshabomoka na kupona, si mara moja.

Watafiti waliofika huku walitafuta umri wa tabaka hizo kwa njia ninayoipenda sana. Chembe ya mchanga ikifukiwa gizani hujilimbikizia nishati kidogo kidogo kutokana na mnunurisho, yaani mionzi, hafifu wa udongo unaoizunguka. Ikitoka juani, akiba yote inafutika na hesabu inaanza upya. Kwa hiyo ukiichimba gizani na kuipima maabara, unajua iliona jua mara ya mwisho lini. Majibu ya Kondoa yanaonyesha udongo ulishuka milimani kati ya miaka 14,500 na 11,400 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa ikitoka kwenye ukame mkali na mvua zikirudi kwa nguvu. Wakati huo hapakuwa na ng'ombe wa Mrangi. Halafu mmomonyoko ukapamba moto tena kuanzia kama miaka 900 iliyopita, na mchanga wa makorongo ukaanza kujaza mabonde katika miaka 600 hivi ya mwisho. Hapo mkono wa mwanadamu umo, sikatai.

Na nyuma ya yote liko Bonde la Ufa. Ardhi yetu iliinuliwa na kupasuka, ikapewa kingo na miteremko. Mapango ya Kolo yenye michoro ya kale, yale yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ni miamba iliyokatika na kuinama kwa sababu hiyohiyo. Ardhi ikishainuliwa, mvua itaishusha tu. Kinachobishaniwa ni mwendo.

Mwendo ulipozidi, serikali iliingia. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Wakaleta magreda, wakachonga makingamaji kuzunguka vilima, wakapanda miti na majani. Haikutosha. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika zaidi, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, zaidi ya 80,000, wakaondoka. Mjomba wangu hahesabu miaka kwa kalenda. Kwake kuna kabla ya ng'ombe kuhamishwa na baada yake. Wake walipelekwa kwa shemeji nje ya mpaka, na kama ilivyo mali iliyo mbali na macho, walirudi hadithi tupu. "Walituokoa, mwanangu," huniambia, "lakini hawakutuuliza." Maziwa ya watoto yalikatika siku moja. Ng'ombe wa kisasa wa kufugwa bandani wakaja 1989, miaka kumi nzima baadaye.

Pamoja na hayo, milima ilipona. Nasema hivyo huku nikijua mjomba atanikunjia uso. Nyasi zilirudi kwanza, kisha vichaka, kisha miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda, iliyochipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa imejificha. Makorongo mengi yakaota majani ndani.

Kwa upande wangu, habari nono iko chini, kwenye mchanga. Udongo uliotoka milimani ulijitenga njiani kadiri nguvu ya maji ilivyopungua. Mawe yalibaki juu, mchanga ukatandazwa mabondeni, na tope jepesi likaenda kutulia mbali zaidi. Tope la vilima vinavyolizunguka Ziwa Haubi liliingia ziwani, likalifanya lizidi kuwa na kina kifupi. Mabonde yaliyokuwa na udongo mweusi yakafunikwa mchanga. Bibi alipoteza shamba la mahindi hivyo. Hakulia sana, akapanda viazi vitamu na miwa juu ya ule mchanga, maana chini yake kuna maji. Mto wa mchanga ni mto uliolala: Septemba unauona mkavu mweupe, unachimba kwa kata mpaka kiwikoni, shimo linaloa, unasubiri, maji yanajikusanya masafi kabisa. Jua haliyafikii. Wanawake wa kwetu walijua hilo kabla ya mhandisi yeyote.

Basi kuna waliopoteza juu na waliopata chini, na mara nyingine ni ukoo mmoja. Niliwahi kukaa kwenye baraza la mzee mmoja aliyesuluhisha kesi ya mpaka. Wa juu alidai kwamba mchanga wa jirani yake ni udongo wake. Mzee akamwuliza, "Je, unaweza kuurudisha?" Wote wakacheka, kesi ikaishia kwenye miwa.

Siku hizi mchanga umepata soko. Mji unajengwa, malori yanashuka mtoni, yanapakia. Hapo kuna jambo ambalo wapakiaji hawaoni. Milima ikishika udongo wake, maji yanayoshuka hayana mzigo, na maji yasiyo na mzigo huchimba kitanda chake mwenyewe. Ukiongeza na koleo la lori, kitanda cha mto kinashuka haraka maradufu. Vijito vinavyoingia mtoni vinajikuta vinaanguka kutoka juu, na ile ngazi niliyoieleza inazaliwa upya mdomoni mwa kila kijito, inaanza kupanda tena kuelekea mlima uliopona.

Kalavati moja tulilokabidhiwa na mkandarasi miaka michache iliyopita lilikuwa sawa na kitanda cha mto. Sasa mdomo wake wa chini unaning'inia, maji yanaanguka kutoka kwenye zege na shimo limekwenda chini ya msingi. Mkandarasi alisema ni kazi ya Mungu. Mita mia mbili kuelekea chini kulikuwa na lori linapakia. Nimeandika kwenye ripoti kwamba tunahitaji gabioni, yaani makasha ya waya yaliyojazwa mawe, chini ya mdomo, sakafu ya mawe, na uchimbaji usogezwe mbali na daraja, na nimeambatisha picha. Bajeti ya gabioni imepita. Kuhusu malori, nimeambiwa niandike barua nyingine.