Alama ya hatari haikwambii nani atamfunga mgonjwa viatu

EuroSCORE II, kikokotoo cha alama ya hatari ya upasuaji wa moyo, hujibu swali moja: uwezekano wa mgonjwa kufariki kabla hajatoka hospitalini baada ya upasuaji wa moyo. Imetokana na takwimu za wagonjwa zaidi ya 22,000 wa nchi 43, waliopasuliwa mwaka 2010, na kwa swali hilo inafaa. Taabu huanza asilimia hiyo inapobebeshwa maswali mengine. Mgonjwa mwenye hatari ya asilimia 1.5 huvuka salama, halafu akakwama wodini siku nyingi kwa sababu hawezi kuinuka kitini peke yake na nyumbani hana mtu.

Hata kuhusu kifo chenyewe, hesabu ile ni ya kundi. Jumlisha makadirio ya wagonjwa wako wote wa mwaka, kisha linganisha na vifo vilivyotokea. Kikokotoo kikisema 12 nanyi mkapoteza 6, kwenu kinatia chumvi, na ndugu wa mgonjwa wanatishwa bure. Kikokotoo cha STS, chama cha madaktari wa upasuaji wa kifua cha Marekani, kinakwenda mbele zaidi: kinakadiria pia kiharusi, figo kushindwa, kukaa kwenye mashine ya kupumulia zaidi ya saa 24, na kulazwa zaidi ya siku 14. Lakini nacho hakijui nyumbani kwake kuna ngazi ngapi.

Kuna mtego ambao wengi hawauoni. EuroSCORE II ina kipengele cha shida ya kutembea, ila kinahesabu tu ulemavu mkubwa unaotokana na mifupa, misuli au mishipa ya fahamu. Mzee aliyekonda, anayeshika ukuta akienda chooni kwa unyonge tu, anaandikiwa "hapana". Huyo ndiye atakayewasumbua siku ya kuruhusiwa.

Mpimeni kabla ya upasuaji kwa mwendo wa mita 5. Weka alama mbili sakafuni, acha nafasi kabla ya ya kwanza na baada ya ya pili, kisha mwambie atembee mwendo wake wa kila siku. Mkongojo unaruhusiwa. Rudia mara tatu, chukua wastani. Sekunde 6 au zaidi ni mwendo wa polepole, na mpango wa msaada uanze hapo hapo. Kosa la kawaida ni kuwasha saa akiwa amesimama kwenye alama: sekunde ya kuondoka inaingia hesabuni na mtu mzima wa afya anaonekana goigoi. Kosa la pili ni kumwambia "jitahidi", naye anajitahidi kweli.

Utabiri wa kabla ya upasuaji huchakaa haraka. Urudie siku ya pili au ya tatu, maana hapo ndipo mapigo ya moyo hupenda kuvurugika, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) hupanda, na baadhi ya wazee huchanganyikiwa usiku. Fomu ya 6-Clicks, ya kupima uwezo wa kujongea, inatosha: maswali sita, kila moja alama 1 hadi 4, kuanzia kugeuka kitandani hadi kupanda ngazi chache. Ukiijaza siku ya kwanza mirija ya kifua ikiwa bado imo, unapima mirija.

Kwangu, kipimo kinachosema mengi kuliko vyote ni kiti. Mgonjwa akunje mikono kifuani na asimame. Kama hawezi, basi kila akitoka chooni nyumbani atajisukuma kwa mikono, wakati mfupa wa kidari uliokatwa na kufungwa kwa waya unahitaji takriban wiki 6 hadi 12 kuunga. Huyo anahitaji kiti cha choo kilichoinuliwa, au mtu wa kumsaidia mchana na usiku. Na mkiuliza "kuna mtu nyumbani?" ndugu watajibu ndiyo. Ulizeni ni nani, na saa nane usiku yuko wapi.

Mizani pia ina vituko vyake. Uzito wa wodini na wa nyumbani hautalingana, kwa hiyo ajipime asubuhi ya kwanza kwa mizani yake mwenyewe na aandike. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Akiongezeka zaidi ya kilo 1 kwa siku au 2 kwa wiki, apige simu, kwani hayo huwa ni maji.

Kwa mwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, msiache INR nzuri (kipimo cha kasi ya damu kuganda) ya siku ya kuondoka iwadanganye, hasa kama ameanzishwa dawa ya amiodaroni kwa ajili ya mapigo yaliyovurugika. Amiodaroni huongeza nguvu ya warfarini taratibu, kwa wiki kadhaa. Leo INR ni 2.6, baada ya siku chache imevuka 4 kwa dozi ile ile. Tarehe ya kipimo kinachofuata iwe ndani ya siku 2 au 3, na iandikwe kwenye karatasi ya ruhusa pamoja na jina la atakayempeleka.