Sauti ya Tatu na Mbalamwezi

Leo mazoezi yalijaa. Sikuhitaji kuuliza kwa nini, maana mbalamwezi ilikuwa imetanda ziwa zima. Usiku kama huu dagaa hawafuati taa, iwe karabai ya zamani au hizi za sola, kwa hiyo mitumbwi inalala ufukweni na sauti ya tatu ya kwaya yangu (tenor), ambayo karibu yote ni wavuvi, inarudi kanisani. Zikiingia siku za giza nabaki na akina mama, pamoja na mzee mmoja wa besi anayesinzia. Paroko ni mimi, lakini anayepanga ratiba ya kwaya ni mwezi.

Niliwapelekea wimbo mpya wa komunyo. Ulianza kama shairi, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, nikaona umekaa. Baada ya Masifu ya Jioni nikautilia muziki kwa kinanda, na kwa majivuno nikaweka noti ndefu kwenye kina cha mwisho, kusudi kisikike. Kosa la kitoto! Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukivuta ile ya mwisho, "moyo" inakuwa "moyoo", kama mtu anayelalamika. Mvuvi mmoja akanyoosha mkono: "Samahani Padri, hapa ni kama tunavuta wavu ulionasa." Wakacheka wote. Nami nikacheka, ila nilichelewa kidogo.

Mshairi anataka kina kisikike, mwanamuziki anataka neno lipumue, na kabla hawajapatana padri anaitwa kumpaka mgonjwa mafuta. Jana nilipata ubeti wa tatu nikiwa juu ya bodaboda, tukafika kwa mgonjwa umeshapotea. Haujarudi.

Namuwaza Padri David Clement, yule Mkanada wa Bujora, kule Kisesa, Mwanza. Miaka ya 1950, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiwa bado haujafungua mlango kwa lugha za wenyeji kama ulivyofanya mwaka 1963, yeye alishakaa chini kusikiliza ngoma za Wasukuma. Mgeni alianza na sikio. Mimi Msukuma wa kuzaliwa nilianza na karatasi.

Usiku huu nimeifuta noti ile, nikaihamishia kwenye "mo". Kina changu sasa kinapita kimyakimya, na bado kinaniuma. Kesho tutaujaribu tena mapema, maana mwezi ukianza kuchelewa kutoka, watu wangu watarudi majini.