Ukuta wa kale huanza kufa mguuni

Mradi wa ujenzi ukitangazwa ufukweni, mbele ya mji wa kale, ubishi wa kwanza huwa ni idadi ya ghorofa. Si hoja ndogo: Liverpool iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004, ikaondolewa 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya kwenye eneo la gati zake za kale. Lakini ghorofa huharibu mandhari tu. Kinachoangusha ukuta wa kale wa bahari kipo chini ya maji.

Wimbi likigonga ukuta mpya, wima, wa zege, nguvu yake haiishii hapo. Sehemu hurudi baharini, sehemu hushuka na kuchimba mchanga wa mguuni. Kwa makadirio ya haraka ya wahandisi, shimo laweza kufikia kina sawa na kimo cha wimbi: wimbi la mita 1, shimo la mita 1. Ukuta jirani wa mawe na chokaa, wenye msingi mfupi, hubaki ukining'inia. Udongo wa nyuma huvuja kwenye viungo, kisha siku mvua inapokutana na bamvua, yaani maji makuu ya bahari, barabara ya juu hutitia. Watu hulaumu mvua.

Kwa hiyo, kabla ya kibali, daini vipimo vya sakafu ya bahari mbele ya ukuta wote, si mbele ya kiwanja cha mradi peke yake. Mchanga husafiri kando ya ufuo: gati la kujaza mawe huuzuia upande mmoja, upande wa pili ukaliwa. Gati la nguzo huupitisha mwingi zaidi.

Nguzo nazo zina lao: kuzipigilia kwa nyundo hutikisa majengo ya jirani. Kiwango cha Kijerumani DIN 4150-3 huweka kikomo cha kasi ya mtetemo cha milimita 3 kwa sekunde kwenye msingi wa jengo la kihistoria, kwa mitetemo isiyozidi hezi 10. Kipimo kifungwe kwenye jengo la kale lenyewe, na mkataba utaje nani anasimamisha nyundo. Nyufa zote zipigwe picha na kupimwa kabla ya siku ya kwanza. La sivyo mkandarasi atasema alizikuta, na hamtakuwa na jibu. Penye udongo laini, nguzo zaweza kusukumwa kwa jeki badala ya kupigiliwa.

Msikubali pia ile "zawadi" ya mkandarasi ya kuwazibia nyufa kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi huganda nyuma yake na kumega mawe. Zibeni kwa chokaa.