Santuri ya mzee wa El Rastro

Nimerudi sasa hivi kutoka El Rastro, lile soko la Jumapili hapa Madrid. Nilienda kutafuta sufuria tu.

Nikasikia gita linaunguruma kwenye meza ya santuri kuukuu. Miguu ikagoma kuondoka.

Barón Rojo! Volumen Brutal, ya mwaka 1982.

Kwa msiowajua: bendi hii ya roki nzito (heavy metal) ilizaliwa hapa hapa Madrid mwaka 1980. Armando na Carlos de Castro, ndugu wa damu, kwenye magita, Sherpa kwenye besi, Hermes Calabria kwenye dramu. Santuri hii waliirekodi London, wakaiimba pia kwa Kiingereza, na mwaka huo huo wakapanda jukwaani kwenye tamasha la muziki la Reading, Uingereza. Mimi ya Kihispania ndiyo yangu. Muziki mzito ukiimbwa kwa lugha ya mama wa mwimbaji, unausikia mpaka kwenye mifupa.

Mzee muuzaji aliigeuza kwa viganja viwili, vidole visiguse mistari, kama anayepokea mtoto mchanga. Kwenye kona ya jalada palikuwa na jina la mwanamke, wino umefifia.

Nikamuuliza ni nani.

"Mke wangu," akasema, akashusha sindano taratibu.

Hatukuongea tena mpaka upande ule ukaisha. Nilipouliza bei, akatikisa kichwa. Ile haiuzwi.

Bado nina donge kooni, jamani.

Kwenu je, kuna santuri au kanda isiyouzwa? Ya nani? Niandikieni, nitasoma zote usiku huu.