Machi, Moshi: wakati wa kugawa themeda

Mawingu yameanza kujikusanya juu ya mlima. Huu ndio wakati wa kugawa themeda, Themeda triandra kwa jina la kitaalamu, nyasi zilezile zinazozipa nyika za Serengeti rangi ya shaba kiangazi kikikolea. Inaniuma kuona nyumba nyingi hapa zikimwagilia maua ya kigeni kila jioni ilhali mmea huu, ukishashika, hauhitaji ndoo ya mtu.

Kuanza na mbegu kunachosha. Masuke mengi huwa matupu, na mbegu mpya hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Lakini itazame moja kwa karibu: ina mkia mweusi uliosokotwa. Idondoshee maji, mkia utajizungusha polepole na kuisukuma mbegu ijichimbie ardhini yenyewe. Ajabu tupu!

Kwa uani, gawa shina, yaani fungu zima la nyasi lililoota pamoja. Mvua ya kwanza ikishalainisha udongo, ling'oe kwa beleshi pamoja na mizizi, ulipasue kwa panga vipande vyenye machipukizi 5 hadi 8. Sehemu ya katikati ya shina kuukuu mara nyingi imekufa; itupe, chukua ya pembeni. Punguza majani yabaki sentimita 15, maana mizizi iliyokatika haiwezi kuyanywesha yote. Panda penye jua la kutwa, nafasi ya sentimita 45 hadi 60, kina kilekile cha mwanzo. Ukikifukia kitako, pale majani yanapochipukia, kinaoza. Panapotuama maji, inua tuta kwanza.

Kinachotuponza huku ni rutuba. Anayetia samadi kama ya mgombani atapata majani marefu, laini, yanayolala chini mvua ikipiga. Usitie chochote.

Kisha kuna kukata. Nyikani, moto na wanyama huondoa majani makavu. Yakiachwa, huyatilia kivuli machipukizi na shina likafa taratibu. Kwa hiyo kata mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, ukiacha sentimita 10 hadi 15. Kulifyeka kila wiki kama ukoka hulimaliza, na mbuzi aliyefungwa hapo hulimaliza upesi zaidi.

Mashina usiyatoe hifadhini, ni kosa kisheria. Waombe wenye viwanja vinavyosafishwa kwa ujenzi kule tambarare, kabla katapila halijapita.