Nani huona kwanza mifugo inapougua?

Kila ninapotafakari namna serikali zinavyofuatilia magonjwa ya mifugo, hurejea kwenye mlipuko uliotokea Kenya mwaka 2006 na 2007 wa Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu na kuwapata pia binadamu. Virusi vya ugonjwa huu hudumu ndani ya mayai ya mbu yaliyofukiwa ardhini, hata kwa miaka, mpaka mafuriko yanapoyaangua. Ndiyo maana watafiti waliokuwa wakisoma joto la bahari na hali ya mimea kupitia setelaiti, ambavyo huashiria mvua kubwa, waliweza kutoa tahadhari wiki kadhaa kabla. Hata hivyo, mlipuko ulithibitishwa Desemba 2006 kutokana na wagonjwa wa Garissa, yaani binadamu, ilhali wafugaji wa Kisomali wa eneo hilo walikuwa wamekwishaona mbu wakizidi, na kondoo na mbuzi wakitupa mimba kwa wingi.

Kwa maoni yangu, kilichopungua si maarifa bali njia ya kuyafikisha, kwani taarifa ya mfugaji hupanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Nairobi, na sampuli ya damu lazima isafirishwe ikiwa baridi kwa mamia ya kilomita hadi maabara.

Siku hizi maofisa wa mifugo huripoti kwa simu, jambo jema. Lakini karantini hufunga minada, na mfugaji asiyetarajia fidia ana sababu nzuri, nathubutu kusema, ya kunyamaza.