Siku moja maishani mwangu: dereva wa wapiga picha za dubu

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kutoka namulika tochi kushoto na kulia, maana hapa Churchill, kaskazini mwa Kanada, Novemba ni msimu wa dubu weupe na hupita hadi uani. Watu wengi hawafungi magari kwa ufunguo, ili anayekutana na dubu apate pa kujitupa.

Jamaa zangu Tanga hutangaza kwamba napiga picha za wanyama. Wapi! Naendesha gari refu lenye magurudumu yanayonifika kidevuni, nagawa supu, na jioni namwaga tangi la choo.

Saa mbili tumeondoka. Saa tatu na nusu tumempata dume, kalala vichakani. Nikazima injini, kwani mtetemo huharibu picha za lenzi ndefu.

Hapo shughuli ikaanza. Mzee mmoja, mwenye kamera ya bei ya kiwanja, akauliza mbona dubu hafanyi kitu. Nikamweleza: barafu ya Ghuba ya Hudson iliyeyuka kiangazi, na bila barafu hawindi sili, yule mnyama wa baharini anayemla. Miezi yote hii anakula mafuta ya mwili wake mwenyewe akingoja bahari igande, hivyo hatembei ovyo. Akaitikia kwa kichwa. Punde akapiga mluzi. Nikamkataza. Akataka nisogeze gari. Nikakataa. Akaanza kuzungukazunguka kwenye kibaraza cha nyuma ya gari, gari likawa linayumba, wenzake wakaguna. Mara betri imekufa kwa baridi, mara vidole. Akaingia ndani kuota joto, kamera mkononi. Nikamwambia aifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki, lenzi isiingie ukungu. Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi.

Sikuangalia saa dubu alipoinuka. Alijinyoosha, akaja moja kwa moja hadi chini ya kibaraza, ambacho sakafu yake ni wavu wa chuma. Akabandika pua nyeusi kwenye wavu, pumzi ikafuka kati ya viatu vyetu. Kwa karibu hana weupe huo mnaouona kwenye picha. Ana rangi ya siagi. Kamera zikalia kote. Mzee anafuta lenzi, ukungu unatanda, anafuta tena.

Kurudi ni gizani, mashimo matupu, na mgongo wangu umeyahesabu yote. Abiria walisinzia. Nikaosha vikombe, nikamwaga tangi, nikachomeka waya wa kupasha injini isigande usiku.

Mzee alikuwa ananisubiri nje. Kesho anataka gari langu hilihili, kiti cha mbele.